Nani Kauguguna Mwembe Wako? Kumtambua Mnyama kwa Jeraha Aliloliacha

Ukikuta mche wa parachichi umekatwa, au gome la mwembe limebambuliwa, usikimbilie dukani kununua waya. Litazame jeraha kwanza. Uzio unaomzuia sungura haumshughulishi tumbili hata kidogo, na pilipili inayomrudisha tembo haimfikii fuko aliye chini ya ardhi. Fedha nyingi za wakulima wadogo hupotelea hapa: mtu ananunua kinga nzuri kabisa dhidi ya mnyama asiyekuwepo.

Halafu ujue kipi kinauma zaidi. Matunda yakiliwa, umepoteza msimu. Gome likiliwa kuzunguka shina zima, umepoteza mti na miaka yote uliyouhudumia. Chini tu ya gome ndimo inamopita sukari kutoka majanini kwenda mizizini. Njia hiyo ikikatwa pande zote, mizizi inakufa njaa. Majani yanaweza kubaki ya kijani kwa wiki kadhaa, hata miezi, maana maji bado yanapanda kupitia mbao ya ndani. Hapo ndipo wengi hudanganyika wakadhani mti umepona. Mimi nikilazimika kuchagua, nalinda shina kabla ya tunda.

Kabla hujamsingizia mnyamapori

Mbuzi ndiye mharibifu wa kwanza wa miche katika vijiji vingi, na mara nyingi lawama humwendea paa. Jembe nalo huacha kidonda kimoja upande mmoja, karibu na ardhi, baada ya siku ya palizi. Jua la alasiri hupasua gome la mti mchanga upande wa magharibi, na hapo huoni alama ya jino hata moja. Mchwa hufunika gome kwa tabaka la udongo. Likwangue uone kilichomo. Tundu dogo lenye unga wa mbao unaomwagika ni kazi ya funza wa shina, na dawa yake ni habari nyingine.

Ukiwa bado na shaka, tumia majivu. Jioni fagia kuzunguka mti, upana wa hatua mbili hivi, kisha tandaza majivu laini au udongo uliochekechwa. Rudi alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa. Kwato mbili ndogo zilizochongoka ni za jamii ya paa, au mbuzi kama kuna zizi karibu. Kwato pana na butu, na nyuma yake alama mbili za vidole vya juu palipo laini, ni nguruwe pori. Unyayo kama kiganja cha mtoto mchanga, ukiwa na michirizi myembamba ya miiba iliyoburuzwa, ni nungunungu. Na kama majivu yako safi huku mti umezidi kuharibika, jibu unalo: aliyekuja alipita juu au chini.

Mche umekatwa mshazari, safi kama kwa kisu

Huyo ni sungura. Ana meno makali ya mbele juu na chini, kwa hiyo kato lake ni moja tu, la mshazari, na mara nyingi kipande kilichokatwa hukikuta hapohapo hakijaliwa. Kinyesi chake ni vidonge vya mviringo vilivyokauka, vilivyotawanyika. Hafiki juu sana: silinda ya waya wa kuku yenye kimo cha sentimita 60, iliyokaa mbali na shina kiasi cha kiganja, inamtosha. Zika ukingo wa chini sentimita chache ili asipenyeze kichwa. Asiye na waya azungushie fito za mwanzi zilizopasuliwa, zikibanwa karibukaribu. Ukishaweka silinda, ng'oa nyasi zilizo ndani yake, la sivyo utakuwa umewajengea panya nyumba yenye ulinzi.

Ncha za matawi zimeraruliwa, majani ya chini yameisha

Wanyama wa jamii ya paa, digidigi na mbuzi hawana meno ya mbele kwenye taya la juu. Hawakati, wanabana na kuvuta, hivyo ncha inabaki na nyuzinyuzi. Pima kimo cha madhara. Digidigi anaishia chini ya kiuno chako. Pongo anafika kifuani. Digidigi ana tabia nyingine inayomfichua: hurudi kunya mahali palepale, kwa hiyo utaona lundo la vidonge vidogo mpakani mwa eneo lake.

Kwa hawa, dawa ya harufu husaidia. Korogea samadi mbichi ya ng'ombe kwenye maji mpaka iwe uji mwepesi, ongeza kipande cha sabuni ili ishike, chuja, kisha pigia majani na machipukizi kwa ufagio mdogo. Mvua ikinyesha, rudia. Usipake kwenye matunda wala kwenye mboga zilizopandwa chini ya miti. Kiangazi kikikolea na majani ya porini yakaisha, harufu haitamzuia mnyama mwenye njaa, na hapo unahitaji matawi ya mgunga yenye miiba kuzunguka kila mche mpaka ncha yake ipite mita moja na nusu.

Gome linaning'inia kama utepe, lakini halijaliwa

Dume la pongo husugua pembe kwenye miti michanga, na hupendelea shina jembamba linaloyumba kidogo. Vipande vya gome vinabaki vinaning'inia kati ya goti na kifua. Hapa harufu na pilipili ni kupoteza muda, kwa sababu hakuja kula. Simamisha nguzo tatu imara kuzunguka shina, ziwe na kimo cha mtu, ili pembe zisifike. Hiyo tu.

Gome limegugunwa chini, na alama za meno ni pana

Nikiulizwa ni mnyama gani anayeua miti mingi iliyokwisha kukomaa kuliko wengine, nitamtaja nungunungu. Ni mgugunaji mkubwa, mwenye kilo 15 hata 20, anatembea usiku, na meno yake huacha mifereji iliyolingana, miwilimiwili, kana kwamba mtu alipitisha patasi. Anaanzia usawa wa ardhi na kupanda hadi pale anapofika akisimama kwa miguu ya nyuma. Hapandi mti. Ukikagua karibu utapata mwiba mweusi na mweupe umeanguka, au mashimo mafupi yaliyochimbwa kutafuta mizizi.

Kwa nini amekuja kwako? Mara nyingi si kwa ajili ya mwembe. Amefuata mihogo, viazi vitamu au maboga yaliyopandwa katikati ya miti, na gome ni nyongeza, hasa kiangazi. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina gharama: usipande mihogo katikati ya miti michanga kama eneo lako lina nungunungu. Hatua ya pili ni silinda ya waya mgumu wa matundu ya inchi 1, kimo cha mita moja, uliozikwa sentimita 15 mpaka 20. Waya wa kuku ni laini mno, anaukunja. Kwa mti mkubwa, kipande cha bati la zamani kikizungushwa kwenye shina kinatosha, mradi kiwe legelege na kina matundu ya hewa, na ukilegeze tena kila mwaka shina linaponenepa. Bati lililobana linaua mti polepole kwa namna ileile ya meno.

Usizibe shimo lake na kuwasha moto. Mashimo hayo huishi wanyama wengine pia, akiwemo ngiri, na moto wa kiangazi hausikii amri.

Mti unanyauka huku shina halina jeraha

Ushike mti utikise. Ukiyumba kama jino bovu, chini hakuna mizizi. Tafuta vilima vidogo vya udongo mbichi vilivyosukumwa juu kwa mstari usionyooka: huyo ni fuko. Katika nyanda za juu, Kilimanjaro na milima ya Kenya, hula mizizi ya parachichi, migomba, mikahawa na karibu kila kinachopandwa, na huvuta hata mche mzima kuelekea chini.

Watu humwaga maji shimoni, hutia moshi, hutumbukiza vitambaa vyenye petroli. Mtandao wa njia zake ni mrefu na ana desturi ya kuziba nyuma yake, kwa hiyo mengi ya hayo yanamsukuma tu kwa jirani. Kinachofanya kazi ni mtego wa kijadi wa fito iliyopindwa na kamba, ukitegwa ndani ya njia inayotumika. Kuijua njia inayotumika ni rahisi: ifungue kidogo, mwanga uingie, uiache. Akirudi kuiziba ndani ya siku moja, tega hapo. Fuko hapendi upepo wala mwanga ndani ya nyumba yake.

Kwa bustani mpya, kinga bora ni kikapu cha waya. Chimba shimo lako la kawaida, tandika waya wa matundu madogo chini na pembeni, ukingo utokeze juu ya ardhi kidogo, kisha jaza udongo na samadi upande mche ndani yake. Utumie waya mwepesi utakaooza baada ya miaka kadhaa, ili mizizi minene isije ikakabwa. Wakulima wengine hupanda utupa kuzunguka shamba. Nimeuona ukisaidia palipo na fuko wachache, lakini kumbuka mmea huo ni sumu ya samaki: usiupande karibu na bwawa wala mfereji wa maji ya kunywa.

Ardhi imefukuliwa, migomba imelala

Nguruwe pori. Huja kwa kundi usiku, hufukua kwa pua kama jembe la ng'ombe, hula mizizi, minyoo na matunda yaliyoanguka. Parachichi haliivi likiwa mtini, huiva baada ya kutunguliwa au kuanguka, kwa hiyo kila linalolala chini ni mwaliko kwake. Okota kila jioni. Uzio wake ujali chini kuliko juu: nyaya zibanwe kwa vigingi mpaka zigusane na ardhi, kwa sababu haruki, huinua. Mchongoma uliopandwa safu mbili ukapogolewa vizuri huwa ukuta baada ya miaka michache, na haugharimu kitu zaidi ya subira.

Matunda machanga yametapakaa chini, kila moja limeumwa mara moja

Hapa ndipo palipo na uchungu mkubwa zaidi. Tumbili, kima au nyani amechuma, ameonja, ametupa. Uharibifu ni wa mchana, kuanzia kunapopambazuka hadi saa nne hivi, na tena alasiri kuelekea magharibi. Matawi membamba yamevunjika, na kama kuna mipapai, mashina yana mikwaruzo.

Niseme wazi: hakuna kifaa kinachomshinda tumbili peke yake. Sanamu ya matambara humtisha siku chache, mkanda wa kaseti unaolia kwenye upepo vilevile, kisha anazoea. Anayemshinda ni mtu aliyepo. Wazee walijua hivyo, ndiyo maana kuamia shamba, yaani kulinda mazao yasiliwe, kulikuwa kazi rasmi yenye dungu lake, kombeo na zamu. Majirani wanne wakigawana zamu, kila mmoja anaamia siku chache tu na mashamba yote yanalindwa. Mtu akiamia peke yake, tumbili wanahamia kwa jirani hadi aondoke. Mbwa anayebweka husaidia sana kwa tumbili. Kwa nyani uwe mwangalifu: dume hufikia kilo 25 na zaidi, ana meno marefu ya pembeni, na mbwa mmoja anaweza kuuawa. Usimtume mtoto peke yake kwenda kufukuza nyani.

Kisha ondoa daraja. Tumbili hapendi kuvuka uwanja ulio wazi. Pogoa matawi yanayogusana na msitu au na paa la nyumba, na acha ukanda mtupu kati ya kichaka na mti wa kwanza wa matunda. Ukanda huo upandwe pilipili au tangawizi, si mahindi. Miti ya thamani, mfano embe za kuunganishwa kama Apple au Kent, ikae karibu na nyumba. Miti ya kivuli na mbao iende pembeni. Kama bustani iko hatua chache tu kutoka msituni na hakuna wa kuamia, afadhali upande kahawa au ndimu upande huo kuliko kuongeza miembe.

Sumu kwenye ndizi, nyaya za kunasa, na uzio uliounganishwa moja kwa moja na umeme wa nyumbani, vyote viwe mwiko. Sumu ileile itamwua mbwa wako na tai watakaoukuta mzoga, na mtoto akiokota ndizi ile hakuna atakayekuwa karibu kumzuia. Tena kuua wanyamapori bila kibali ni kosa, kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 nchini Tanzania na sheria ya mwaka 2013 nchini Kenya. Kundi likikuzidi nguvu, toa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya au, nchini Kenya, kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS), na upige picha za madhara siku hiyohiyo.

Maembe yaliyoiva yameliwa usiku, chini kuna vidonge vya nyuzi

Popo hutafuna nyama ya tunda, hunyonya maji, hutema nyuzi zilizokamuliwa. Ukizikuta chini ya mti, hasa na kokwa zilizosafishwa chini ya mti mwingine wa jirani, ni yeye. Dawa ni kalenda: popo hufuata harufu ya tunda bivu, kwa hiyo tungua yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, mabega ya embe yakishajaa, uyaivishie ndani. Machache unayotaka yaivie mtini yafunge mifuko ya karatasi au kitambaa. Ukitumia chandarua, kiwe cha matundu madogo kilichovutwa kikakaza. Kilicholegea kinanasa na kuua. Matunda yaliyoumwa na popo usiwape watoto wala usikate sehemu iliyoumwa ule iliyobaki; yafukie.

Na usimfukuze kabisa. Popo hutawanya mbegu na kuchavusha maua ya mbuyu. Kule Pemba, watu wa Kidike walimhifadhi popo wao, ambaye hapatikani kokote duniani nje ya kisiwa kile.

Vidaka na vitale vya nazi vinadondoka

Tundu la mviringo karibu na kikonyo ni panya. Zungushia shina bati laini lenye upana wa sentimita 40 hivi, kwenye kimo cha mita mbili, uhakikishe makuti ya mnazi hayagusani na mti mwingine, na usafishe makuti makavu yaliyokauka kileleni.

Karibu na msitu wa Jozani, Unguja, lawama huenda kwa kima punju. Anakula vidaka, ni kweli. Lakini utafiti uliofanywa huko miaka ya 1990 ulikuta kuwa mahali kima walipokula vidaka zaidi ndipo mavuno ya nazi yalipokuwa makubwa zaidi. Mnazi hubeba vidaka vingi kuliko unavyoweza kulea na vingi hudondoka vyenyewe. Kima anaonekana kupunguza vile ambavyo vingeanguka. Kabla hujaingia gharama za kumfukuza, hesabu nazi ulizovuna, usihesabu vidaka vilivyoanguka.

Matawi manene yamevunjwa, gome limechanwa juu ya kichwa chako

Tembo huhitaji msaada wa pamoja, si wa nyumba moja. Huko Sagalla nchini Kenya, kandokando ya hifadhi ya Tsavo Mashariki, mtafiti Lucy King na wakulima walitundika mizinga ya nyuki kwenye uzio wa waya, mzinga au mzinga wa kuigiza kila mita 10. Tembo akiusukuma waya, mizinga yote inatikisika na nyuki wanatoka. Haufanyi kazi kama mizinga haina nyuki, kwa hiyo panda maua na weka maji ya nyuki. Asali ni faida ya ziada. Wengine hutumia kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa pilipili kali na oili chafu; mvua kubwa ikipita, paka tena. Oili hiyo iishie kwenye kamba. Ukiipaka kwenye shina la mti inaunguza gome. Usiku tembo akiwemo shambani, kaa ndani upige simu. Tanzania ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wa aina hii, na unaanza na taarifa kwa uongozi wa kijiji.

Gome limeshaliwa: ufanye nini leo

Pima kidonda kwa uzi kuzunguka shina. Kama gome lililobaki ni zaidi ya nusu ya mzunguko, mti utapona wenyewe: nyoosha kingo zilizochanika kwa kisu kikali na kisafi, usipake lami wala oili, weka kinga, mwagilia, na punguza matunda ya msimu huo ili nguvu iende kwenye kidonda.

Kama gome limeisha pande zote na shina ni jembamba, angalia muunganisho uko wapi, yaani pale aina bora ilipounganishwa na mche wa asili. Kidonda kikiwa juu ya muunganisho, kata chini kidogo ya kidonda, subiri machipukizi, chagua moja. Kikiwa chini ya muunganisho, kitakachochipua ni mti wa asili, na itabidi uunganishe upya.

Shina likiwa nene na mti una thamani, jaribu kuunganisha kwa daraja. Fanya mwanzoni mwa mvua, gome linapobambuka kwa urahisi. Kata vijiti vya unene wa penseli kutoka mti huohuo, virefu kuliko kidonda kwa vidole vitatu au vinne. Chonga ncha zote mbili mshazari. Pasua gome lisilo na jeraha juu na chini ya kidonda, penyeza ncha ndani, upande wa kijiti uliokuwa unaelekea juu ubaki juu, kijiti kikipinda kidogo kwa nje ili shina likiyumba kisichomoke. Weka kimoja kila sentimita tano kuzunguka shina. Pigilia kwa misumari midogo, funga kwa utepe wa nailoni, ziba kwa nta. Machipukizi yakitoka kwenye vijiti, yang'oe yakiwa bado machanga. Vijiti vikianza kunenepa, legeza utepe.